Ukimpeleka mtoto Ujiji, jiandae kwa swali la Pasaka

Daladala kutoka Mwanga, Kigoma mjini, hadi Ujiji haikawii. Kabla mtoto hajachoka kuuliza "tumefika?", gari limefika. Mbebee maji ya kunywa kutoka nyumbani, kofia pia, maana jua la kandokando ya ziwa halina huruma.

Kwenye kumbukumbu ya Dk David Livingstone kuna miembe, mnara na makumbusho. Hapo ndipo Henry Morton Stanley alipomkuta mmisionari huyo Novemba 1871. Familia nyingi hupiga picha na kuondoka, na hiyo ni hasara.

Livingstone alikuwa ameshatangazwa kufa. Wapagazi waliomtoroka walifika Zanzibar wakasema ameuawa. Mwaka 1867 msafara uliotumwa kufuatilia ukagundua ni uongo. Kisha kukawa kimya. Stanley aliporudi Uingereza na habari kwamba yu hai, wapo waliombeza, ingawa alikuwa na barua na shajara mkononi. Ilibidi familia itambue mwandiko.

Alipofariki kweli, Mei 1873 huko Chitambo, Zambia ya leo, Chuma na Susi na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo. London wakauliza: ni yeye? Daktari wa upasuaji William Fergusson akapima mkono wa kushoto. Mfupa wa juu ya kiwiko, uliovunjwa na simba mwaka 1844, haukuwahi kuunga vizuri. Shaka ikaisha.

Mtoto aliyefundishwa Jumapili atamkumbuka Tomaso hapohapo. Naye alitaka kuona makovu kwanza. Ila mzazi asimdanganye mtoto kwamba ni jambo moja. Mfupa wa Livingstone ulithibitisha kifo. Pasaka inadai kinyume chake, na hakuna mfupa wa kupima. Kilichopo ni mashahidi: Paulo, akiandikia Wakorintho yapata miaka 25 baada ya tukio, anataja zaidi ya watu 500 na kusema wengi wao bado wako hai. Kilichopo pia ni wanawake waliokwenda kaburini. Luka anakiri kwamba mitume wenyewe waliona maneno yao ni upuuzi. Anayetunga hadithi ili aaminiwe haanzi na mashahidi wa aina hiyo, zama ambazo neno la mwanamke lilidharauliwa. Ni hoja nzito. Si kipimo cha maabara.

Na Ujiji ni mji wa Waislamu wengi. Mwenzake wa shuleni atamwambia Nabii Isa hakusulubiwa kabisa, Mungu alimpaisha. Mtoto asikilize bila kugombana; majirani wa hapa wanakula sahani moja ya dagaa na ugali wakiwa na imani mbili.

Baada ya makumbusho, shukeni ufukweni. Mara nyingi swali lenyewe huja hapo, miguu ikiwa mchangani, na halimhusu Livingstone. Mtoto aliyemzika bibi yake mwaka huu atauliza kama bibi naye atafufuka. Mzazi anayeamini aseme anaamini, na amwambie kwa nini. Kama anayo mashaka, hata Tomaso alikuwa nayo, na hakufukuzwa chumbani.