Hukumu ya Tendo na Hukumu ya Moyo

Ng'ambo, Tabora

Kwa mjukuu mpendwa,

Mjukuu ameuliza kama inafaa kusema kwamba mfanyabiashara fulani hana dini, kwa kuwa huonekana safu ya mbele msikitini, na alama ya sijida i wazi kwenye paji lake, ilhali asali anayoiuza ameighushi kwa maji ya sukari. Jibu lataka mambo mawili yatenganishwe: kuhukumu tendo na kuhukumu moyo.

Mafunzo ya madhehebu mawili yanaionyesha tofauti hiyo. Waarabu wa Omani walioifuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji katika karne ya 19 walikuja na madhehebu ya Ibadhi, wakati Waislamu wengi wa pwani walikuwa Mashafii, yaani wafuasi wa madhehebu ya Shafi. Kwa Maibadhi, Mwislamu anayeshikilia dhambi kubwa bila kutubu ana kufuru ya neema, yaani hamshukuru Mungu kwa utii, lakini hatolewi katika umma, bali huendelea kurithi na kurithiwa, na akifa huzikwa na Waislamu wenzake. Mashafii humwita fasiki, yaani mwasi ambaye imani yake imepungua bila kutoweka, na ushahidi wake haukubaliwi mbele ya kadhi mpaka atubu. Majina yanatofautiana, lakini pande zote mbili hulipatia tendo uzito wake bila kudai kuyajua yaliyofichika kifuani.

Mfano wa hayo ni Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi hapa Tabora, alimsaidia David Livingstone mwaka 1867, na Livingstone, mmishonari aliyeupinga utumwa waziwazi, akaupokea msaada huo kutoka kwa mtu aliyetajirika kwa pembe za ndovu na watumwa. Ukarimu ule ulikuwa wa kweli, na minyororo nayo ilikuwa ya kweli. Aliyefungwa hakuhitaji kuijua imani ya aliyemfunga ndipo atambue kwamba amedhulumiwa, wala dhuluma ile haimpi mtu wa leo ruhusa ya kusema kwamba Tippu Tip aliposujudu hakumkusudia Mola wake.

Kwa hiyo mjukuu asiinunue asali ile, amnasihi muuzaji faraghani, na akiendelea, awaonye wanunuzi, kwa sababu kunyamazia ghushi ni kushiriki katika dhuluma. Asimwite mnafiki, kwani neno hilo kwa wengi humaanisha mtu anayeficha ukafiri moyoni huku akidhihirisha Uislamu, na la moyoni halina shahidi ila Mungu. Kisha mjukuu aipime nafsi yake kwa kipimo hichohicho: alipe deni kwa wakati, ampe kibarua ujira wake kamili, na aseme kweli hata pale inapomtia hasara, ili atakapotaja dini yake, matendo yake yasimkanushe.

Wasalaam,
Babu