Rolls-Royce ya Mwalimu na nundu ya mwanangu

Nyuma ya nyumba ya baba yangu hapa Izia, mjini Sumbawanga, kuna Land Rover ya zamani isiyo na injini. Imeegeshwa chini ya mparachichi, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma, na usukani umebaki kwa ajili ya mjukuu. Kila tukienda kumsalimia babu yake, mwanangu wa miaka sita hukimbilia humo kwanza, kabla hata ya shikamoo.

Kwa familia yetu, hicho si chuma chakavu. Baba alikuwa dereva, na kwa gari hilo alibeba wagonjwa kutoka vijijini kuja hospitali. Mama yangu alilazwa humo kwenye godoro akiwa na uchungu wa kunizaa, huku bibi na shangazi wakimshikilia asigonge bodi kila gari liliporuka shimo. Walifika salama, ndiyo maana leo nayaandika haya.

Siku moja mtoto aliniuliza, "Mama, kuna gari kuukuu kuliko la babu?" Nikamwambia yapo Dar es Salaam, tena moja alipanda Mwalimu Nyerere. Tangu hapo sikupata amani. Likizo ilipofika, na mdogo wangu akawa na sendofu hukohuko Dar, tukafunga safari.

Tiketi moja, watu wawili

Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Basi hupita Laela, Tunduma, Mbeya, Iringa, linashuka Kitonga, halafu linakatiza hifadhi ya Mikumi. Nauli si mchezo, kwa hiyo nilifanya wanachofanya wazazi wengi: nilikata tiketi moja na kumpakata mtoto. Mkanda wa kiti changu nao ulikuwa umezama chini, sikuhangaika kuutafuta.

Tulifika Mikumi usiku, mtoto amelala mapajani. Ghafla dereva alikanyaga breki, wanyama walikuwa wanavuka barabara. Mtoto alinichomoka mikononi na paji lake la uso likagonga kiti cha mbele. Alilia, abiria wakatupa pole, na ndani ya dakika chache nundu ikawa imejitokeza. Nilikaa macho hadi Morogoro nikimwamsha kila mara kuona kama ananitambua, kama anatapika, kama anasinzia kupita kawaida. Tunashukuru Mungu, haikuwa zaidi ya nundu.

Kilichoniuma ni kwamba ninaandika habari za afya. Nimeshaandika mara nyingi kuwa, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Najua mikono ya mama, hata awe na nguvu kiasi gani, haiwezi kumzuia mtoto gari linaposimama ghafla. Nilijua, na bado nilimpakata.

Makumbusho ipi?

Kesho yake tulipotea kidogo. Nilimwambia kondakta wa daladala "tushushe Makumbusho", akatushusha Makumbusho kweli, lakini ile ya Kijitonyama, jirani na Kijiji cha Makumbusho chenye nyumba za asili. Magari tuliyoyafuata yako Makumbusho ya Taifa, katikati ya jiji, Mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea. Ukienda na watoto, lijue hilo mapema, jua la Dar halina huruma kwa waliozoea baridi ya Ufipa.

Makumbusho hiyo ilifunguliwa mwaka 1940 ikiwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Wengi wanaifahamu kwa habari za Zinjanthropus, fuvu alilolipata Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959. Magari hayasemwi sana. Hata rafiki yangu aliyezaliwa na kukulia Dar alishangaa nilipomwambia yapo.

Mwanangu hakushangaa, alisimama tu. Mbele yake ilikuwa Rolls-Royce iliyotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni ya Waingereza, kisha ikamhudumia Mwalimu Julius Nyerere. Nilijaribu kumweleza: gari la mtawala lilivyokuja kuwa gari la mtoto wa Butiama aliyekuwa mwalimu wa shule. Sijui ilimwingia kiasi gani. Yeye alikuwa na swali lake.

"Mwalimu alikaa wapi?"

"Nyuma."

"Na mkanda wake?"

Alikuwa anaigusa nundu yake wakati akiuliza. Nikamwambia magari mengi ya zamani hizo yalitengenezwa bila mikanda. Akanitazama kana kwamba nimemwambia yalitengenezwa bila magurudumu.

Mkanda tunaoujua leo, unaopita begani na kiunoni, ulitoka kwa mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo nchini Uswidi mwaka 1959, mwaka uleule lilipopatikana fuvu la Olduvai. Volvo iliwaruhusu watengenezaji wengine wautumie bure. Kwa anayekaa mbele, mkanda unapunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa karibu nusu. Nusu nzima, kwa kipande cha kitambaa ambacho mimi niliona uvivu kukivuta kutoka chini ya kiti.

Sumu tuliyoinyonya

Magari hayo yalinikumbusha jambo jingine. Zamani petroli ilichanganywa na madini ya risasi ili injini isigonge. Moshi wake ulisambaza risasi hewani, na risasi huharibu ubongo wa mtoto anayekua, hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Nilipompigia baba kumsimulia, alicheka. "Sisi tulikuwa tunainyonya kwa mpira, mdomo ukijaa unatema." Nilinyamaza. Mwanangu amezaliwa baada ya hayo kwisha hapa kwetu, hatakumbuka hata kushukuru. Lakini risasi iliondolewa kwa niaba yake, mzazi hakutakiwa kufanya lolote. Mkanda ni tofauti, ni lazima mtu aufunge.

Kabla hujaenda

Kwa mzazi anayefikiria safari kama yetu, nashauri haya. Ukiweza, mkatie mtoto kiti chake, na uone mkanda unafanya kazi kabla basi halijaondoka. Sehemu ya chini ya mkanda ikae kwenye nyonga, si tumboni, na ya juu ipite begani, si shingoni. Mtoto mdogo anahitaji kiti maalumu kwenye gari dogo. Akigonga kichwa, kisha akatapika mara kwa mara, akapoteza fahamu, akapata degedege au akasinzia kupita kawaida, usisubiri asubuhi, mpeleke hospitali.

Wakati wa kurudi nilikata tiketi mbili. Niliumia mfukoni, na sendofu ilishanimaliza. Lakini tulipopita Mikumi mtoto alikuwa amefungwa kwenye kiti chake, na mimi nililala.

Baba alitusubiri Izia na ugali wa ulezi. Nilimuuliza kama hakuwahi kuogopa kubeba wagonjwa bila mkanda hata mmoja. Akasema, "Barabara zenyewe zilikuwa zinatuzuia. Kwenda Laela tu ilikuwa siku, ungekimbilia wapi? Sasa mmewekewa lami, mnapaa." Ni kweli. Lami imetusogezea hospitali, soko na ndugu, na mwendo umekuja nayo.

Tulipokuwa tunaongea, mtoto alishaingia kwenye Land Rover yake. Alikuwa amepata kamba ya katani sijui wapi, ameizungusha kiunoni na kuifunga kwenye kiti. Kipande kingine alikuwa amekishika mkononi.

"Babu, njoo nikufunge," aliita. "Gari haliondoki mpaka ufungwe."

Baba yangu, aliyeendesha miaka yote ile bila mkanda, aliinuka na fimbo yake, akafukuza kuku, akapanda.