Jina Moja la Chokaa

Wataalamu wa kemia hutulaumu sisi watu wa pwani kwa kuita vitu vitatu kwa jina moja. Kitokacho tanuuni, kikali cha kuunguza ngozi, twakiita chokaa. Kilichokwisha kunywa maji, kipakwacho juu ya jani la tambuu, ni chokaa. Na kile kilichokauka ukutani kikawa kigumu ni chokaa vilevile. Huitwa huu umaskini wa lugha. Mimi sikubali.

Jiwe la matumbawe, kama kombe la pwani na ganda la yai, ni kalisi iliyofungamana na hewa ya ukaa. Lidondoshee maji ya ndimu, utaona povu: ni hewa hiyo inayofukuzwa na ukali wa ndimu. Moto nao huifukuza, ila sharti uwe mkali, wa kadiri ya digrii 900. Ratili 100 za jiwe safi hubakiza ratili 56 tu. 44 hupaa zikaenda na upepo. Aliyeshika jiwe kabla ya moto na baada yake hana haja ya mizani.

Jiwe lililoungua likitiwa maji hufoka, hutoa mvuke, hupasuka likawa unga. Unga huo ukikandwa kwa mchanga na kupakwa ukutani huanza kazi ya polepole: huivuta tena kutoka angani hewa iliyopokonywa, na kwa miezi na miaka hurudia kuwa kama jiwe la awali. Kitu ni kimoja, msomaji. Kimekwenda safari kikarejea. Mabaki ya Husuni Kubwa huko Kilwa, jumba la karne ya 14, yamefungwa kwa chokaa ya namna hiyo.

Siku hizi kuta za matumbawe mitaani kwetu hupigwa lipu ya saruji. Saruji ni ngumu na hukauka upesi, lakini hainyumbuki wala haipitishi unyevu kama chokaa. Maji ya chumvi yapandayo kutoka ardhini hukwama nyuma yake, chumvi huganda, na lipu hubanduka pamoja na vipande vya jiwe. Nilimwuliza fundi mmoja kwa nini hakutumia chokaa. Alinijibu kwa adabu kwamba anaijua tangu utotoni, bali mwenye nyumba ametaka kazi ikamilike kabla ya Idi.