Malaba, Mahali Lori Linaposema Kweli

Atokaye Mombasa kwa lori kwenda Kampala hukwea kutoka usawa wa bahari hadi Timboroa, iliyo zaidi ya mita 2,700, kisha huteremka kupitia Eldoret na Bungoma mpaka Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Hapo malori hupanga foleni, akina mama huuza chai na chapati, nao mafundi hutandaza magunia chini ya injini. Kasoro iliyojificha pwani hufichuka mlimani.

Dereva mmoja, mtu mzima, aliwasili hapo na lori lililopoteza nguvu tangu mlimani. Lilitoa moshi mweusi, na taa ya onyo iliwaka katika dashibodi.

Fundi kijana alianza kwa kukipima kihisi cha hewa, ambacho mafundi hukiita sensa. Ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini haijawashwa, kihisi hicho hakina budi kuonyesha mgandamizo wa hewa ya mahali penyewe: Mombasa karibu kilopaskali 101, Timboroa 73, Malaba 89. Kile kilionyesha 97. Alipokifungua, aliona ncha yake imefunikwa na utando wa oili na masizi. Alikipulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, ile ikaukayo yenyewe, wala hakukikwangua kwa waya. Kilipokauka kikasoma 89.

Dereva akashukuru, akataka kuondoka, kwani mzigo wake ulikuwa ukingojewa.

"Mzee, subiri kidogo," fundi alisema. "Tumefuta machozi tu, kinachomliza bado hatujakijua."

Utando mwembamba wa oili si ajabu, kwa kuwa mvuke wa injini hurudishwa katika njia ya hewa. Oili ya majimaji ni habari nyingine. Fundi alilegeza mipira ya hewa: kabla ya tabo palikuwa pakavu, baada ya tabo oili ilikuwa imetuama. Chujio la hewa lilikuwa limezibwa na vumbi. Akalitikisa gurudumu dogo la tabo kwa vidole. Lilicheza hata likagusa ukuta wake.

"Tabo hili likikatika," alieleza, "injini yaweza kunywa oili yake yenyewe. Itanguruma bila kutii ufunguo, mpaka ijiue."

Dereva alinyamaza kwa kitambo. Kisha akampigia simu mwenye lori, akamwarifu kwamba gari lingelala Malaba. Lilikuwa neno zito, maana siku ya kusimama ni siku ya hasara. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na apangusaye kioo hajaizuia mvua.

Usiku ule utingo alitandika mkeka chini ya tela. Kando yake, juu ya gunia, lilikuwa tabo lililofunguliwa.