Mwangwi wa kanda ndani ya kompyuta

Leo tuziache hifadhidata kidogo, tuzungumzie eko. Ukikaa huku Magogoni huikwepi: harusi yoyote, spika ziko nje na maiki imetiwa eko mpaka bibi arusi hajui anasifiwa au anasemwa.

Mimi hurekodi taarab chumbani kwa kompyuta ya kawaida. Mwimbaji ni shangazi yangu. Aliposikia eko iliyokuja na programu, aliniuliza, "Mwanangu, mbona maneno yangu yakanyagana?" Swali zito hilo. Fumbo likipotea silabi moja, aliyepigwa fumbo amepona.

Basi nikaichunguza mashine ya zamani, Roland Space Echo RE-201 ya Japani, iliyotoka 1974. Ndani mna kanda iliyoungwa ncha kwa ncha, inazunguka. Hedi moja inarekodi, tatu zinasoma. Sauti inachelewa kwa sababu kanda ina safari: ikienda sentimita 19 kwa sekunde, hedi iliyo sentimita 5 mbele itaisoma baada ya milisekunde 263 hivi.

Kwenye kompyuta unatenga safu ya namba katika memori, unaandika hapa, unasoma nyuma yake. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, umbali huo ni karibu sampuli 11,600. Ni mistari michache tu ya kodi, na ndiyo hasa iliyomuudhi shangazi: kila mrudio ni nakala kamili, "s" na "t" kali zilezile, zinagonga neno linalofuata.

Kanda haitoi nakala kamili. Kila mzunguko hula sauti za juu kidogo, na sauti kubwa hubanwa. Mrudio unasogea nyuma ya mwimbaji, neno linabaki mbele. Kwa hiyo ndani ya mzunguko nimeweka kichujio kinachopunguza sauti za juu ya hezi 3,000, kisha fomula ya tanh ya kubana vilele. Shangazi sasa anasikika vizuri.

Zipo za kununua, kama Galaxy Tape Echo ya Universal Audio. Wengine huongeza hata mvumo wa kanda. Mimi nina feni, inatosha.

Kilichobaki ni spidi. Kwenye mashine ya kweli ukizungusha kitufe, mota inabadilika polepole na mwangwi unapanda au kushuka kama unateleza. Yangu bado inaruka na kutoa mlio. Nikiimaliza nitaweka kodi yote hapa.