Nyumba za Wamarekani na Waliofungiwa Mlango

Watu wengi hudhani kwamba kila Mmarekani hukaa katika ghorofa ndefu zinazogusa mawingu. Hayo ni mambo ya New York na Chicago. Karani au fundi wa kiwandani wa Marekani, katika karne ya 20, alitamani nyumba yake peke yake, yenye ua wa majani mbele na mahali pa kuweka motokaa. Tena nyumba hiyo kwa kawaida ilijengwa kwa mbao, wala si kwa mawe.

Mwanzoni mwa karne hiyo mtindo uliopendwa sana ulikuwa bangalo: nyumba fupi, paa lenye mteremko mdogo, na baraza pana. Jina lenyewe lilitoka Bengal katika Bara Hindi, likachukuliwa na Waingereza, nao wakalieneza hata Afrika ya Mashariki. Kampuni ya Sears, Roebuck iliuza nyumba kwa posta tangu 1908 hadi 1940. Mnunuzi alichagua picha katika kitabu cha bidhaa, akapeleka fedha, kisha gari la moshi likamletea mbao, milango, madirisha, misumari na rangi, pamoja na maelezo ya namna ya kuviunganisha. Katika miaka ya baadaye hata mbao zilifika zimekwisha kukatwa na kutiwa alama. Nyumba zipatazo 70,000 ziliuzwa hivyo. Mtu aliyepata kubishana na seremala juu ya hesabu ya misumari atauona uzuri wa mpango huo.

Matajiri walikuwa na Frank Lloyd Wright, ambaye nyumba zake ndefu, zilizolala chini kama nchi tambarare, zilisifiwa mno. Hata hivyo, kwa mtu wa mshahara mdogo, jina kubwa ni la William Levitt.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari waliorudi hawakupata nyumba, na wengi walijibanza kwa wakwe zao. Serikali, kwa sheria ya 1944, iliwadhamini katika mikopo. Mwaka 1947 Levitt alianza kujenga katika mashamba ya viazi ya Long Island. Aligawa kazi katika hatua 27, kila kundi la mafundi likipita nyumba hata nyumba na kufanya jambo lake moja tu. Kazi ilipopamba moto, nyumba zaidi ya 30 zilimalizika kwa siku moja. Sakafu ilikuwa ya saruji, na ndani yake mabomba ya maji moto ya kufukuza baridi. Mwaka 1949 nyumba ya namna hiyo iliuzwa kwa dola 7,990. Mji huo, Levittown, ulipata nyumba zaidi ya 17,000.

Lakini mikataba ya kwanza ilikataza mtu asiye Mzungu kukaa humo, isipokuwa awe mtumishi wa nyumbani. Askari Mweusi aliyekwenda vita vile vile angeweza kufagia sebule ile, asiweze kuinunua! Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama zisitumike kutimiza masharti ya namna hiyo. Levitt aliendelea kukataa kuwauzia Weusi.

Mwezi wa Agosti 1957, William Myers, aliyekuwa askari katika vita vile, na mkewe Daisy walinunua nyumba kwa mwenyewe katika Levittown ya Pennsylvania. Makundi ya watu yalikusanyika usiku baada ya usiku, yakatupa mawe na kuvunja madirisha, hata polisi wa jimbo wakaletwa. Majirani wengine Wazungu walikuja kuwasaidia, nao hawakuhama.

Sheria ya kukataza ubaguzi katika kuuza nyumba ilipitishwa mwaka 1968. Wakati huo bei zilikuwa zimekwisha kupanda, na waliouziwa mapema walikuwa na mali ya kuwarithisha watoto. Nyumba zile za dola 7,990 leo huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, nazo zimeongezwa vyumba na ghorofa hata ni shida kuiona iliyobaki kama Levitt alivyoijenga.