Toka Shuu Hata Poti

Nilipokuwa na umri wa miaka minane, huko Tiwi, kusini ya Mombasa, kazi niliyotumwa sana baada ya kuteka maji ilikuwa kumpakata ndugu yangu mchanga wakati mama yuko shambani. Na kabla ya kunikabidhi mtoto alinifundisha jambo ambalo kwetu Wadigo lilikuwa la lazima kama mbeleko, nalo ni kumkojoza. Nilikaa chini uani, miguu nimeinyosha, mtoto nimemketisha katikati ya mapaja yangu, mgongo wake kifuani pangu, nikaita "shuu, shuu" kwa upole mpaka akatoa. Naye akisha kutoa hubembelezwa, na mama akiwapo hupewa ziwa. Kwa haja kubwa nilimgeuza tukatazamana, akakalia nyayo zangu kama kigoda. Alikuwa hajatimiza miezi minne.

Wala hapakuwa na mtu aliyeuliza kama yu tayari. Aliyepaswa kuwa tayari ni mlezi, akijue kile kimya cha ghafla na ule mpapatiko wa miguu mgongoni, amshushe kabla leso haijaroa. Na leso ilikuwa na hesabu yake, kwani mama alikuwa mtu wa sala tano. Na ijapokuwa madhehebu ya Shafi humsahilishia mtoto wa kiume asiyekula ila maziwa, mkojo wake ukatosha kunyunyiziwa maji, wa kike sharti ufuliwe. Kwa akili zangu za utoto nilidhani ndiyo sababu dada yetu alianzwa mapema zaidi.

Baadaye, nikiwa mwalimu, nilisoma kwamba mwaka 1962 tabibu Brazelton wa Marekani, baada ya kuwafuatia watoto 1,170, alinasihi mtoto asiharakishwe bali angojwe mpaka mwili na akili vikubali. Na kwamba mwaka 1977 watafiti wawili, wote wakiitwa deVries, waliwaandika Wadigo wenyewe, kuwa watoto wao huwa wakavu usiku na mchana wafikapo miezi mitano au sita. Nilijivuna sana, kana kwamba mimi ndimi niliyeandikwa.

Majivuno hayo yaliniponza. Binti yangu hutoka alfajiri kwenda kazini, na mwanawe, aliyezoea pampasi tangu kuzaliwa, hushinda na yaya katika nyumba ya ghorofa ya tatu, sakafu ya vigae, hapana ua wala mchanga. Nilipokwenda kukaa nao, mtoto akiwa wa mwaka mmoja na nusu, nilimkalisha kwa nguvu juu ya poti nikaanza shuu zangu. Akajikaza, akalia, kisha akazuia choo siku tatu hata ikabidi apewe dawa. "Mama, tumwache kwanza," binti yangu akanambia kwa adabu. Muuguzi wa kliniki naye alituuliza: hukaa mkavu saa mbili? Huweza kushusha suruali? Huonyesha akichafuka? Tulijibu hapana mara zote tatu.

Mama yangu hakukosea, lakini shuu yake ilihitaji mapaja yaliyokuwapo mchana kutwa, na mapaja hayo siku hizi yako ofisini.

Mjukuu alipopata miaka miwili na miezi mitatu, alikuja mwenyewe akanivuta leso, tukaenda. Usiku bado anavaa pampasi.